Kadi Aliyoitoa Bila Kuombwa

Mume wangu anapenda vyeti, we acha tu. Tulitoka Kenya na faili moja ya plastiki: cheti chake cha kuzaliwa, cha ubatizo, vya shule, na kile cha polisi cha tabia njema alichokipangia foleni Nairobi akapakwa wino vidole vyote. Tukiishi Highview, kule Louisville, Amerika, nilimwambia hawa watu hawana haja na ubatizo wako. Wapi! Akienda kuomba kazi ya kubeba maboksi, faili kwapani.

Baadaye akasomea kazi ya famasia, na mwaka 2016 akapata kazi Buffalo, tukahamia huko, kwenye duka la bangi ya matibabu. Usicheke. Jimbo la huko lilikuwa limeruhusu. Wagonjwa wa saratani na kifafa walikuja na kibali cha daktari wakauziwa mafuta na vidonge. Lakini kabla hajagusa hata chupa moja watu wa jimbo walimchunguza mpaka nikachoka mimi. Alama za vidole. Rekodi za polisi kila tulikoishi. Mwisho wakaridhika, wakampa kadi yenye picha yake, aivae shingoni muda wote akiwa kazini. Siku alipoisahau nyumbani alirudishwa kutoka mlangoni.

"Mama watoto, unaona?" akaniambia. "Hata Amerika wamenipa cha tabia njema."

Kanisani tulisema tu yuko famasia, yakaisha.

Sasa, mama mkwe alikuwa amebaki peke yake Bungoma, goti limemkatalia. Sisi tulikuwa na green card tu, kibali cha kukaa, na kwa green card humleti mzazi. Lazima kwanza uwe raia. Kwa hiyo mume wangu alipoitwa kwa mahojiano ya uraia, mama yule akaanza kugawa vitu vyake. Kuku wote akampa jirani. Ati kuku hawapandi ndege.

Mimi nilisubiri nje. Haya alinisimulia ndani ya gari. Maswali ya historia aliyajibu yote. Afisa akamuuliza kama amewahi kuvunja sheria, akasema hapana. Hapo angenyamaza! Angenyamaza tu, jamani! Lakini yeye akafungua faili, akaitoa ile kadi bila kuombwa, akaiweka mezani. Akasema jimbo limemchunguza na kumwona msafi.

Afisa akaigeuza. "Mnauza dawa gani?"

Naye akaeleza yote, mpaka vipimo, kwa furaha.

Afisa akamwambia jimbo limeruhusu lakini serikali kuu haijaruhusu, na mbele ya serikali kuu yeye amekiri kwamba anauza bangi. Uraia wakamnyima. Sababu waliyotoa ni kwamba hana tabia njema.

Tabia njema! Mtu ambaye hata bia hanywi! Wenye duka lile, waliozaliwa hapa, walipigwa picha wakikata utepe siku ya kufungua, wamevaa kadi ileile shingoni, na hakuna aliyewauliza kitu. Wangu mimi ndiye akawa mhalifu, kwa kuwa aliamini kwamba serikali ikishakuchunguza imekuchunguza. Nilimgombeza yeye pia, njia nzima mpaka nyumbani.

Binamu yake anayekaa Gahanna, pembeni ya Columbus, akatutafutia wakili, tukaendesha mpaka huko. Wakili alikuwa mpole, nikamchukia kwa upole wake. Akasema mume wangu aache kazi ile, asubiri miaka mitano, ajaribu tena. Na asitoke nje ya nchi kabisa, kwa sababu wanaweza kumzuia kurudi.

"Hata mama yake akiugua?" nikauliza.

"Hata akiugua."

"Na akifa?"

Wakili akaiangalia ile faili, mume wangu ameikumbatia. "Hata akifa," akasema.

Jumapili mama mkwe akapiga simu. Mume wangu akanisukumia mimi, akatoka nje bila koti. Nikamwambia mama karatasi zimechelewa.

"Zimechelewa mpaka lini, mwanangu?"

"Miaka kidogo, mama."

Nikamsikia akivuta kiti, akakaa.

"Jirani ameshachinja kuku wawili," akasema. "Kesho nitamwomba anirudishie hao waliobaki."