Pembe Iliyoitisha Mkutano wa Mto

Neno kushirikishwa silipendi hata kidogo. Nikilisikia redioni nazima redio, na likitajwa kwenye mkutano natafuta mlango. Watu hunicheka, wanasema nina gubu. Ninalo, na lina chanzo chake.

Kwetu ni Upare wa kusini, juu milimani, ambako mvua ikinyesha gari kutoka Same linaweza kukulaza njiani. Chini ya nyumba yetu kinapita kijito. Kinatoka kwenye chemchemi iliyoko juu ya kijiji, kinapita kwenye migomba na mashamba ya watu, kisha kinaingia kwenye ndiva, lile bwawa la udongo walilojenga wazee wetu ili maji yakusanyike usiku na asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani kwa zamu. Marehemu baba alikuwa na kipande cha ardhi kando ya kijito hicho, karibu kabisa na daraja la miti. Alipofariki, mama aliendelea kukilima. Hakuna aliyemwambia ni chako, na hakuna aliyemwambia si chako. Ardhi ilikuwa ya ukoo, na mjane alilima huku akiwatazama usoni shemeji zake.

Kipande hicho ndicho kilichotulisha. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, wakati kila kitu kilikuwa kimerudi madukani isipokuwa uwezo wa kukinunua. Sabuni ilikuwepo, khanga zilikuwepo, mitumba ilishushwa Same kwa marobota. Lakini kahawa iliyowasomesha kaka zangu ilikuwa imetutupa mkono. Ushirika ulikuwa hoi, na wachuuzi waliokuja badala yake walitaja bei waliyoitaka wao. Watu wakaiacha mibuni imezwe na magugu, wengine wakaing'oa, na wote wakakimbilia kwenye maji. Kila mtu alitaka kabichi, nyanya na tangawizi za kupeleka sokoni, na kila mtu akachimba kamfereji kake ka kuiba maji. Wale wa chini, wanaotegemea ndiva, wakaanza kuamka asubuhi na kukuta matope. Watu waliobatiziana watoto waliacha kusalimiana. Mwanamume mmoja alivunjwa mkono kwa mpini wa jembe kwa sababu ya zamu ya maji, na aliyemvunja aliimba kwaya Jumapili iliyofuata kana kwamba hakuna lililotokea.

Mama yangu hakulima kabichi. Alipanda maharage na mahindi ya kiangazi, basi. Miezi ile ambayo nyumba nyingine zilikuwa zinahesabu vijiko vya unga, sisi tulikuwa na makande. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kazi sikupata, nikarudi kumsaidia. Nilijua vizuri kwamba kipande kile kikiondoka, mimi na yeye tutakuwa watu wa kubisha hodi kwa wengine.

Na alikuwepo wa kukitamani. Mdogo wake baba, baba yangu mdogo, alikuwa karani kwenye shamba la mkonge huko bondeni kwa miaka mingi. Shamba lilipopunguza watu akarudi nyumbani na suti moja, Kiingereza chake, na tabia ya kuwaita watu kwa kidole. Alipanda mikaratusi kuzunguka chemchemi ili auze nguzo. Miti ile ilikua haraka, na kijito kikapungua haraka vilevile. Watoto wadogo waliliona hilo. Lakini yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo aliyebaki, na watu walimwogopa kwa namna ambayo mpaka leo inanitia kichefuchefu.

Basi ukaja mradi. Gari jeupe lilipanda kutoka Same likiwa na mtaalamu wa maji, mtu wa pwani, mpole, mwenye kusema jamani kila baada ya maneno mawili. Alisema enzi za serikali kupanga na wananchi kutekeleza zimekwisha. Sasa wananchi na wenye mashamba watakaa pamoja, wapange wenyewe namna ya kuutunza mto. Sitadanganya, siku ile nilimpenda. Nilidhani hatimaye kuna mtu atakayesimama mbele ya baba mdogo na kuitaja mikaratusi.

Ila mkutano wenyewe ulikataa kuwa mkutano. Mwenyekiti wa kijiji aliutangaza kanisani, wakaja wachache. Akatangaza tena, wakaja wachache zaidi. Zamani watu walijaa mikutanoni kwa sababu sukari ya mgawo ilitolewa baada ya hotuba, na asiyesikiliza hotuba alikunywa chai kavu. Ruksa ilipoingia, sukari ikahamia dukani, mwenyekiti akabaki na hotuba peke yake. Mtaalamu akasikitika. Alisema hawezi kupeleka taarifa yenye watu kumi na mbuzi wao.

Hapo baba mdogo akatoa ushauri. Akasema, pigeni pembe.

Inabidi nieleze pembe ni nini kwetu. Ikilia asubuhi kutoka mlimani, maana yake ni moja tu, msaragambo, kazi ya wote. Ndiva imebomoka, mfereji umeziba, barabara imekatika. Kila nyumba inatoa mtu na jembe lake, na asiyekuja anatozwa faini. Pembe haijawahi kumwita mtu kwenda kusikiliza. Mwenyekiti alilijua hilo, baba mdogo alilijua zaidi. Mgeni ndiye hakujua, na hakuna aliyejisumbua kumwambia.

Ikapigwa. Na watu wakaja, kijiji kizima, kutoka juu na kutoka chini, na majembe na mapanga mabegani, wanawake na watoto migongoni. Mama naye alikuja na jembe lake. Tulikusanyika pale darajani. Mtaalamu alipoona umati ule alitabasamu mpaka macho yakapotea, akasema kumbe wananchi mna mwamko namna hii. Watu wakatazamana.

Akaanza kuuliza maswali. Tatizo la mto ni nini, linaanzia wapi, nani anaumia. Haukupita muda wa kuchemsha maji, wa juu na wa chini wakawa wanatukanana. Wa chini waliwaita wa juu wezi. Wa juu waliwaita wa chini wavivu wanaotaka maji yawafuate kitandani. Mwanamke mmoja wa chini akaitaja mikaratusi ya chemchemini kwa sauti kubwa, nikashusha pumzi, nikasema sasa ndiyo. Baba mdogo akajibu taratibu kwamba mtaalamu amekuja kutuhimiza kupanda miti, na yeye alishapanda kabla hajahimizwa. Watu wakacheka. Mtaalamu akajikuna shingo, akasema mikaratusi ni suala la kitaalamu, litajadiliwa kikao kijacho.

Kisha akafanya kosa lake. Alitaka kutuonyesha ukanda wa kando ya mto unafananaje, ule usiolimwa, unaoachiwa nyasi na miti ya asili. Akakata vijiti, akapima kwa hatua kutoka ukingoni, akavichomeka kwa mstari. Akarudia mara kadhaa kwamba ni mfano tu, jamani, mfano. Alivichomeka pale alipokuwa amesimama, karibu na daraja. Alivichomeka katikati ya maharage ya mama.

Akashukuru, akasema twende tukatafakari, tukutane siku nyingine tuamue. Hakuna aliyeondoka. Watu walisimama na majembe yao, jua linapanda, na kila mmoja alikuwa na kazi aliyoiacha nyumbani. Mzee msimamizi wa msaragambo akauliza kazi iko wapi. Hakuuliza kwa ubaya. Pembe imepigwa, watu wametoka, na kurudi nyumbani na jembe safi baada ya pembe ni jambo ambalo kwetu halikuwa na jina. Msimamizi ndiye angechekwa miaka yote.

Baba mdogo akanyoosha kidole kwenye vijiti. "Kazi si hiyo hapo? Mipaka imeshawekwa na mtaalamu."

Wakaingia. Nataka ieleweke kwamba hawakuingia kwa hasira. Hasira ningeisamehe. Waliingia kama wanaoingia kwenye kazi yoyote, kwa mstari, wanawake upande huu na wanaume upande ule, na wimbo wa msaragambo ukaanza. Maharage yalikuwa na maua, mengine yameanza kufunga. Wa juu na wa chini, waliokuwa wanatukanana sasa hivi, walipatana kwa mara ya kwanza mwaka ule, juu ya shamba la mjane. Niliwachukia wote. Niliyemchukia zaidi ni yule aliyeongoza wimbo, kwa sababu alikuwa na sauti nzuri.

Mtaalamu alikuwa anakimbia huku na huku, jamani, jamani, ni mfano. Nani amsikilize mtu asiye na jembe?

Mama aliomba wamsubiri achume yaliyofunga. Akajibiwa na jirani yetu, mama tuliyekuwa tunakopeshana chumvi, kwamba msaragambo hausubiri mtu. Kisha msimamizi akamsogelea mama, akamkumbusha kwa upole kwamba anayesimama wakati wenzake wanafanya kazi anatozwa faini. Mama akamtazama. Akafunga khanga yake kiunoni, akaingia kwenye mstari, akayang'oa maharage yake mwenyewe. Nilimvuta mkono, akajinasua. Mpaka leo sijui kama lilikuwa tendo la utii au la jeuri, na nilipomuuliza baadaye aliniambia nikateke maji.

Mtaalamu aliondoka bila kutuaga. Nilitarajia atarudi kuomba radhi, kumbe alirudi na miche. Taarifa yake, kama tulivyosikia, ilisema wananchi walishirikishwa na wakaanza utekelezaji siku hiyohiyo kwa hiari. Ikaundwa kamati ya mto. Mwenyekiti wake baba mdogo, kwa niaba ya wenye mashamba. Mwakilishi wa wanawake mama yangu, kwa sababu nyumba yetu iko karibu na anaweza kumwagilia miche. Miche ilipandwa pale darajani, ikaishia pale darajani. Juu kwenye chemchemi haikupelekwa hata mmoja, kwani huko tayari kulikuwa na miti.

Kiangazi kile tulikula uji asubuhi na uji jioni. Mama alimwagilia miche ile kwa ndoo.

Halafu wakaja wafadhili kuona eneo la mfano. Mzungu mmoja mrefu, mwanamke, na wenzake, na mtaalamu wetu akiwa amevaa shati jipya. Tuliketi kwenye mabenchi ya shule yaliyobebwa mpaka darajani. Baba mdogo akatafsiri, na ile suti yake ilitoka siku ile. Mgeni akasema angependa kumsikia mama mwakilishi wa wanawake, je, alishirikishwa tangu mwanzo?

Mama akasimama. Hakupandisha sauti.

"Nilishirikishwa. Maharage yalikuwa yangu, na mimi ni mmoja wa walioyang'oa. Wengine ni hawa hapa. Awaulize walikula nini kiangazi, na mimi aniulize nilikula nini."

Baba mdogo akageuka kwa mgeni, akamwambia kwa Kiingereza kwamba mama huyu amefurahi sana, anasema alijitolea shamba lake na majirani wote walimsaidia. Mgeni akapiga makofi. Watu wote wakapiga makofi, hata waliosikia alichosema mama, hata jirani wa chumvi.

Mama alikuwa bado amesimama. Kiingereza hakukijua. Aliyaona makofi, akanitazama mimi kuuliza kama maneno yake yamefika.

Sikufikiri. Nilisimama nikamwambia mgeni, kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne chenye kujikwaa, kwamba hivyo sivyo mama alivyosema, nikarudia alivyosema, neno kwa neno, na nikaongeza kwamba mtafsiri ndiye mwenye mikaratusi inayokunywa chemchemi, aende akaione. Makofi yakafa. Mgeni akamtazama mtaalamu. Mtaalamu akatazama viatu vyake, kisha akasema kwamba kuna mvutano kidogo wa kifamilia. Mgeni akaandika kitu, akanishukuru, wakapanda gari. Chemchemini hawakwenda, maana muda ulikuwa umebana na Same ni mbali.

Jioni baba mdogo alikuja kwetu. Hakukubali kiti. Alisimama mlangoni akamwambia mama kwamba amemvumilia kwa heshima ya marehemu, lakini mjane anayefundisha binti yake kumvua nguo mkubwa wa ukoo mbele ya wageni hana tena nafasi kwenye ukoo. Shamba limeshakuwa la mto. Nyumba nayo imekaa kwenye ardhi yao. Atafute kwao.

Mama alikuwa anachambua mchicha, na hakuacha.

"Sawa, shemeji. Kesho asubuhi piga pembe. Waje wote na majembe yao waning'oe. Nitaingia kwenye mstari kama siku ile."

Baba mdogo aligeuka akaenda.

Kesho yake niliamka mapema nikakaa uani kusikiliza. Mama alikuwa ameshaamka kabla yangu, amejifunga khanga kiunoni, amekaa kwenye kizingiti. Tulikaa hivyo mpaka jua likawa kali, na pembe haikulia. Haikulia keshokutwa yake, wala haikupigwa kumng'oa mama baada ya hapo, na mama hajahama kwenye nyumba ile mpaka leo. Baba mdogo sasa ni mzee sana, anatembelea fimbo, tunapishana njiani nikienda kumwona mama. Watoto wangu humwamkia. Mimi shikamoo yangu sijampa tangu siku ile, na sitampa.