Majani Mawili ya Springi

Gari langu lilikuwa zima mpaka mama yangu alipoanza kulipakia. Kila nilipotoka Bukoba kwenda kumwona kijijini, ndani kabisa kupita Rubya, sikuruhusiwa kurudi mikono mitupu. Kwetu mtoto haondoki kwa wazazi bila entanda, chakula cha kwenda nacho, na mama hakujua entanda ndogo. Mikungu ya ndizi, maharage, maparachichi, siku nyingine gunia la mkaa ambalo hakuna aliyeliomba. Nilikuwa nagomba. Nilimwambia Bukoba nako kuna soko. Akanijibu kwamba ndizi za sokoni zimekatwa na watu asiowajua, kisha akaendelea kuelekeza mkungu upi uingie wapi.

Gari lenyewe ni stesheni wagoni ndogo, nyuma lina springi za majani, yale mabamba ya chuma yanayolaliana. Likishiba mzigo lilikaa chini, na kwenye mteremko wa kwetu tumbo lilikwaruza mawe kwa sauti iliyonipandisha hasira, nami hasira zangu haziko mbali. Barabara ile greda huipitia linapojisikia. Mvua moja tu, mifereji inarudi palepale.

Basi nikalipeleka kwa fundi mjini. Alitafuta majani mawili ya pikapu iliyokufa, akaongeza moja kila upande, akakaza bolti zake na kubadilisha shokapu. Nyuma ikainuka mpaka jirani akaniuliza kama nimenunua gari jingine.

“Sasa pakia, bosi,” fundi akasema. “Hata nyumba utahamisha.”

Nilitembea kifua mbele. Likiwa na ndizi lilishuka ule mteremko bila kugusa jiwe. Likiwa tupu lilirusha, lakini likiwa tupu nilikuwa peke yangu, na mimi nina nyama za kutosha.

Halafu mgongo wa mama ukaanza kuuma. Tulidhani ni jembe. Dada yangu mkubwa, anayeishi naye, alimkanda kwa maji ya moto, akamkanda tena, mpaka asubuhi moja mama akashindwa kuinuka kitandani. Gari la wagonjwa likamleta Bukoba. Walipompiga picha, daktari akatuita pembeni, mimi na dada. Ugonjwa wa saratani ulikuwa umeingia kwenye mifupa ya mgongo. Hautapona, alisema, lakini ipo dawa ya kuingizwa kwa dripu kila mwezi. Itaupunguza kasi, na huenda ikampa mwaka, labda zaidi. Asikose. Na njiani asitikiswe sana.

Nilimsihi mama akae kwangu mjini. Akakataa katakata. Baba amelala kibanjani, kaburi lake katikati ya migomba, na mama hakutaka kufia mahali pengine kisha arudishwe kwake ndani ya sanduku. Kwa hiyo gari la wagonjwa likamrudisha kijijini, na kazi ya kumleta mjini kila mwezi ikawa yangu.

Safari ya kwanza nililaza viti vya nyuma, nikatandika godoro na mablanketi mawili. Dada alikaa pembeni yake amemshika mabega. Hatukufika hata kwa jirani. Gurudumu la nyuma lilipanda jiwe dogo, jiwe ambalo siku zote nililipita nikiwaza mambo mengine, na mama akapiga ukelele ambao sikuwahi kuusikia kwake.

“Mpola, tata,” akasema alipopata pumzi. Polepole. Akina mama wa kwetu humwita mtoto wa kiume tata, baba, wanapombembeleza, na siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa wa kubembelezwa.

Nikapunguza mwendo mpaka mwanamke mwenye ndoo kichwani akatupita. Haikusaidia. Springi zile zilikuwa zinasubiri uzito, na mama hakuwa na uzito tena. Kila shimo lilipita moja kwa moja kutoka kwenye gurudumu hadi mgongoni kwake. Tulipoikuta lami ya Muleba alikuwa ameloa jasho, na mimi nilikuwa nimeitukana wilaya nzima kimoyomoyo.

Wakati wa kumrudisha nilipakia mifuko ya mchanga ili gari likae chini kidogo. Lilitulia, ndiyo, lakini kwenye mteremko mifuko iliteleza, dada akaizuia kwa miguu yake njia nzima. Mama hakulia wala hakusema mpola. Alikuwa ameuma pindo la kitenge. Afadhali angepiga kelele. Ukimya ule ulinitisha kuliko maneno ya daktari.

Nikarudi kwa fundi nikamwambia atoe majani yote mawili. Akacheka. “Wenzako wanaongeza, wewe unapunguza?”

Nilimjibu vibaya, kisha nikamweleza ni kwa nini. Akaacha kucheka, akaingia chini ya gari.

Siku ya dawa ilipofika nilishuka kijijini asubuhi mapema. Gari lilinesa vizuri, na kwa mara ya kwanza tangu mama augue nilijisikia mtu mwenye la kufanya. Nilimkuta ameketi barazani, ameegemea mito. Dada hakunitazama usoni.

“Nimelibadilisha gari,” nikamwambia mama. “Panda tu uone.”

“Haya. Nipandisheni.”

Tulimbeba kwa blanketi, tukamlaza. Nikatoka uani taratibu, tukafuata njia ya kibanjani kuelekea barabarani. Mbele yetu kulikuwa na shimo lililochimbwa na mvua, nikaanza kulikwepa.

“Usikwepe,” akasema. “Pita humohumo.”

Nikapita. Nyuma ikashuka, ikapanda, pole kabisa. Nilikodoa macho kwenye kioo.

“Imekuuma?”

“Haijauma. Umefanya vizuri, tata.”

Nilicheka kwa sauti. Nilianza hata kuhesabu akilini: mwezi huu, mwezi ujao, Krismasi, mavuno ya kahawa. Tukafika barabarani, nikaangalia kushoto na kulia ili niingie.

“Sasa nirudishe,” akasema mama.

Nikadhani amesahau kitu. Nikamuuliza ni nini, dada atakifuata.

“Sijasahau. Siendi tena huko. Nimechoka, si kwa gari wala kwa njia. Nimechoka tu.”

Nikamwuliza, kwa sauti niliyoshindwa kuishusha, kwa nini basi amekubali kupanda. Nikamtajia daktari, nikamtajia mwaka ule. Aliniacha nimalize.

“Nimepanda,” akasema, “ili nisipokuwepo usije ukakaa mahali ukisema ni gari lililonizuia.”

Dada alikuwa ameinamia mapaja yake. Injini ilikuwa inanguruma na pikipiki moja ikatupita, mwenye nayo akatusalimia kwa mkono. Nikageuza gari, nikamrudisha mama nyumbani.