Mutua Bado Anawaambia Wamama Wangoje

Mpaka sasa hivi akili yangu imekataa. Niko kwa gari nje ya kazi, nimevaa scrubs, nguo zetu za kuhudumia wagonjwa, shift inakaribia kuanza, na siingii ndani kabla sijaandika hii.

Mutua wetu wa Brooklyn Center ametuacha wiki hii. Moyo. Walimpata kwa parking ya duka, gari bado inanguruma, ametoka kuulizia bei ya unga.

Bei ya unga, jameni! Kitu mtu angetuma kwa text akiwa amekaa kwa kiti chake.

Kwa wale hamkumjua: Mutua alikuwa rafiki yangu tangu tufike Minnesota, wakati hatukujua hata glavu za baridi ni za nini. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwa kampuni ya kuuza vitu kwa katalogi, enzi za CD-ROM. Picha na video zote zilikuwa kwa CD, laini ya simu inaleta bei mpya tu.

Kampuni ilifungwa, watu wakasahau. Yeye hakusahau.

Akaangalia wamama wa Kongo kule Burnsville: wako ghorofani, theluji nje, gari hakuna, kusoma hawakusomeshwa, internet yao ni ya kukwama kwama. Akawatengenezea CD ya maduka yetu ya Waafrika. Mama anabonyeza picha, anasikia sauti ya Mutua ikimwambia hiki ni nini. Mtandao unaleta kitu kidogo tu, bei, na kama mali iko. Akitaka, anabonyeza tena, na Jumamosi Mutua ana-drive kumpelekea.

Computer alizitoa kwa maofisi yaliyokuwa yanazitupa, zile nzee bado ziko na mahali pa kuweka CD.

Alikuwa ana-record ndani ya closet, katikati ya makoti, ndiyo sauti isirudi rudi. Ukisikiza vizuri pale kwa picha ya mafuta ya mawese, utamsikia Mwende, mke wake, akiita, "Mutua, chakula kimepoa!" Alikataa kuitoa.

Siku ya ku-record makayabu, yule samaki wa chumvi, akasema hawezi kuuzia watu kitu hajawahi kula. Akampika bila kumloweka. Walahi tulikunywa maji kama ng'ombe.

Mama Furaha, mteja wake wa kwanza, alicheka mpaka akashika ukuta. "Papa Mutua, ulikula chumvi yenyewe!"

Sasa nifike kwa nyinyi wenye maduka.

Kila Ijumaa mlitakiwa ku-update bei. Mlikuwa mnaandika nini? "Tutaelewana." "Bei poa." "Njoo tuongee." Mama hawezi kushuka ngazi kwa sababu ya barafu, mnamwambia aje muongee?

Mwenyekiti wenu, sitaji jina, anajijua, alimwambia Mutua mbele yangu: "Boss, nikiandika bei, jirani ataiona ashushe yake. Na CD, mwaka huu? Kwani wewe uko museum?"

Mkacheka. Mutua pia akacheka, akachukua ufunguo wa gari, akaanza kuzunguka duka kwa duka akiomba bei kwa mdomo. Daktari alikuwa amemwambia apumzike. Mlijua. Mwende mwenyewe aliwaambia.

Na pale mlipoacha pengo, alikuwa ame-record hivi: "Bei haijafika, mama. Ngoja kidogo, nawapigia sasa hivi." Computer ilikuwa inamtumia ujumbe, na kweli alikuwa anawapigia.

Leo timeline yote ni picha za mishumaa. Mwenyekiti ameweka picha wakiwa wamekumbatiana, ameandika "legend." Legend gani? Ulimnyima hata text!

Jana tukiwa matangani akasimama, kofia mkononi: "Tumeonelea tuifunge ile CD yake, kwa heshima ya marehemu." Heshima! Na watu wakaitikia amina. Nilinyamaza kwa sababu ya Mwende tu.

Asubuhi hii Mama Furaha akanipigia.

"Dada, najua Papa Mutua alikufa, nilimulilia. Lakini mu sahani, mu ile CD, bado anasema ningoje, anawapigia. Sasa ni nani anapiga?"

Nililia mpaka pua ikaziba. Halafu hasira ikapanda. Nikaomba Mwende password ya kuingiza bei, nikampigia Mwenyekiti.

"Unga wa muhogo ni ngapi?"

"Sista, si umwambie mama aje tu tuongee..."

"Mutua amekufa akija kuongea na nyinyi. Ni ngapi?"

Halafu akasema, polepole, dola kumi na nane.

Nikaiingiza. Mama Furaha akabonyeza, na kwa simu nikamsikia Mutua, maana namba zote alikuwa ame-record: "Dola kumi na nane, mama. Ipo."

Mama Furaha akasema, "Lete mbili."

Kwa hivyo CD haifungwi. Wenye maduka, Ijumaa nataka bei, namba, si hadithi. Mkinyamaza nitakuja hapo kwa counter na scrubs zangu. Na wewe unayetaka kuweka mshumaa hapa, weka petroli kwa gari, uniambie kama Jumamosi utaenda Burnsville.

Mutua, hata wewe nimekukasirikia. Uliambiwa ulale, ukaenda kuuliza unga. Ungenipigia, mimi ningewapigia hao kelele mpaka waseme.

Sasa nitii hii moja. Mama Furaha ameshapata bei. Weka simu chini, kaka, tunapiga sisi. Lala, na ulale salama.