Kopo la Mafuta ya Gobore

Saa nane za usiku Selpha alikuwa bado amekaa kwenye stuli nyuma ya mlango, simu mapajani, akisikiliza kila pikipiki iliyokata kona ya Mamboleo. Pikipiki ilikuja, ikapunguza mwendo, ikapita. Alikuwa amezipa kumi na moja matumaini, na zote kumi na moja zilikuwa na wake wengine wa kuwapelekea waume zao.

Joram, mumewe, alikuwa amepiga mara moja tu, saa moja jioni, kwa simu ya mtu mwingine. "Mama Celestine, polisi wamenishika hapa mbele ya Ahero. Ni ile kopo yako." Halafu simu ikakatika.

Kopo yako. Angeweza kusema kopo la mzee, au kopo la kazi. Katika miaka ishirini na saba ya ndoa Joram hakuwa amemlaumu kwa lolote, na sasa alikuwa ameanza akiwa mbali, mahali ambapo hangeweza kujibiwa.

Na Joram hakuwa mtu wa kushikwa. Alikuwa mwanaume ambaye akikanyagwa mguu sokoni ndiye anayeomba msamaha. Kanisani aliimba sauti ya chini, chini kiasi kwamba mwalimu wa kwaya alikuwa akimwangalia midomo ili ajue kama anaimba. Dawa zake za presha zilikuwa kabatini, kwenye chupa ambayo Selpha mwenyewe alikuwa ameandika ZA JORAM TU, na usiku huo zilikuwa zimekaa hapo bila Joram.

Habari ya kopo ilikuwa hivi. Joram aliendesha gari la Mzee Amarjit, Singasinga mwenye karakana ya kuchonga vyuma pale mjini Kisumu. Mzee alikuwa na gobore aliloachiwa na babu yake, bunduki ile ya zamani inayoshindiliwa baruti kwa mdomoni, na leseni yake aliitunza kuliko pasipoti. Mara tatu kwa mwaka alipanda nalo upande wa Bonde la Ufa, akakutana na wazee wenzake wenye magobore yao, wakapanga mstari wakatoboa karatasi. Selpha aliwahi kuuliza kama baadaye wanaila ile karatasi. Joram akamwambia hapana, wanaihesabu mashimo, kisha wanakunywa chai.

Sasa baruti nyeusi, kama Mzee Amarjit alivyoeleza, huacha masizi ndani ya mtutu, yakakauka kama ukoko wa ugali. Ukitia grisi ya dukani, masizi yanageuka lami. Dawa yake ni mafuta ya mnyama na nta, yanayopakwa kwenye kitambaa kidogo kinachofungiwa risasi, ili masizi yabaki laini. Mzee aliwahi kuyapika nyumbani kwake. Mkewe, Mama Rekha, ambaye nyama haijawahi kupita mdomoni mwake, aliingia jikoni akakuta mafuta ya kondoo yanachemka. Alimpa mumewe muda wa sufuria kupoa, kisha vyote viwili vikatolewa nje, mafuta na sufuria. Kazi ikampata Joram. Na Joram, kama mwanaume yeyote anayepewa kazi yenye sufuria ndani yake, akampelekea mke wake.

Selpha alikuwa ameishia darasa la sita, lakini jikoni hakuwa ameishia popote. Alinunua mafuta ya kondoo buchani, akayakatakata, akayayeyusha polepole na maji, akachuja kwa kitambaa, akaacha yagande, akarudia. Hakutia chumvi hata chembe, kwa sababu chumvi huleta kutu. Nta aliipata kwa muuza asali. Kitabu cha Mzee cha mambo ya magobore kilisema kikombe kimoja cha nta kwa vinne vya mafuta, lakini kitabu kilikuwa kimeandikwa kwenye nchi ya baridi, na kwa jua la Kisumu mchanganyiko ule ulikuwa supu kabla ya saa sita mchana. Selpha akapunguza mafuta mpaka vikombe vitatu, akaongeza mafuta ya nyonyo kidogo. Alidondosha tone kwenye sahani baridi, akalibonyeza kwa ukucha. Alama ikibaki na ukucha ukatoka safi, yameiva.

"Mama Celestine, wewe ni injinia," Mzee Amarjit alimwambia. Injinia huyo hakuwa amewahi kuliona hilo gobore.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka Benta, dada yake Joram, alipokuja kutoka Usenge na mfuko wa omena, wale dagaa wa ziwani. Selpha alikuwa kanisani. Benta aliona jikoni kopo la mafuta meupe safi, akanusa, akasema wifi yangu siku hizi anapikia mafuta ya maana. Akakaanga. Wageni wawili wa kanisa walikula wakasifu, na chakula kilipopoa omena zikagandiana sahanini, na wale wazee wawili nao wakagandiana midomo. Mmoja aliombwa afunge kwa sala. Alifungua kinywa, na nta ikakataa.

Tangu siku ile Selpha aliandika. Alichukua kalamu nene akaandika kwa herufi kubwa: MAFUTA YA BUNDUKI. Aliandika bunduki kwa kuwa gobore si kila mtu analijua. Akaongeza: USILE. Akasimama akatazama, akamkumbuka Benta, ambaye katazo halijawahi kumzuia. Akamalizia: NI SUMU. Haikuwa kweli, lakini watu huogopa sumu kuliko wanavyoogopa dhambi.

Alhamisi hiyo Joram aliyoshikwa, Mzee Amarjit alikuwa ameondoka alfajiri kwa gari la mzee mwenzake na gobore lake kwenye sanduku la kufuli, akalisahau kopo mezani karakanani. Akampigia Joram amfuate nalo kwa pikapu. Joram akaliweka kwenye kiti cha mbele, kando yake, ili lisianguke, maandishi yakitazama dirishani.

Usiku ule Selpha alimpigia Mzee mpaka yule mwanamke wa kwenye simu, wa mteja hapatikani, akawa kama jirani. Alimpigia Mama Rekha.

"Huko juu hakuna netiwaki, mama," Mama Rekha alisema. "Mimi nilisema toka mwanzo hiyo mafuta italeta balaa. Si nilisema?"

"Ulisema, mama."

"Ningekubali ipikwe hapa, sasa ningekuwa nimeshikwa mimi. Mzee akirudi Jumapili nitamtuma na leseni."

Jumapili. Na kesi husomwa Jumatatu. Joram angelala huko siku nne bila dawa, na mtu wa presha hahesabiwi siku nne kwa wepesi.

Kulipopambazuka Selpha alivaa sare ya kanisa, kitambaa cheupe kichwani, kwa kuwa hata polisi hufikiri mara mbili mbele ya kitambaa cheupe. Akafunga chapati tatu na zile dawa, akachukua pikipiki. Kituo chenyewe kilikuwa kidogo, ng'ambo ya mashamba ya mpunga, na hakina haja ya kutajwa jina. Mafuriko ya mwaka uliopita yalikuwa yameacha mstari wa tope ukutani, kiasi cha kiuno.

Mezani alikaa Sajini Wakhisi, mtu mnene mwenye sauti ya pua. Kwenye benchi, Konstebo Khaemba, mrefu, miguu ameinyoosha mbele.

"Wewe ndiye mke wa mtu wa bunduki?" sajini aliuliza.

"Mimi ni mke wa dereva, afande."

"Hapa kitabuni ni mtu wa bunduki." Akafunua ukurasa. "Tulimwambia, mafuta tumeona, sasa bunduki iko wapi? Unajua alijibu nini? Ati imetangulia."

"Imetangulia!" Khaemba alirudia, akacheka. "Kama bibi harusi."

"Ni kweli, afande. Mwenyewe amekwenda nayo. Ana leseni."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Hapatikani."

Hata yeye alisikia lilivyotoka vibaya. Sajini alilitoa kopo chini ya meza, akaliweka kati yao, maandishi mbele.

"Nani aliandika hii?"

Angeweza kusema hajui. Alifikiria. "Ni mimi."

"Mwandiko mzuri. Na hii sumu ni ya kuua nani?"

"Si sumu. Ni kondoo na nta ya nyuki."

"Kwa hivyo uliandika uongo."

"Niliandika ili wasile."

"Mama, wewe unaandika uongo kwa kalamu nene, halafu unataka tuamini ile ya bunduki ndiyo kweli." Akalisukuma kopo. "Kama si sumu, kula tuone."

Selpha alifunua kifuniko. Yeye hulijaza kopo mpaka ukingoni, akalisawazisha kwa mgongo wa kijiko, likang'aa kama sahani. Sasa lilikuwa na shimo katikati kama mahali kuku amechakura, alama za vidole vitatu zikishuka upande mmoja. Alikata kipande cha chapati, akachota, akatafuna. Mafuta yalikuwa na ladha ya mshumaa uliolala zizini. Alipokuwa akitafuna, macho yake, ambayo hayakuwahi kupumzika tangu alipozaa, yalitembea. Buti za Khaemba zilikuwa zinang'aa mng'ao mzito, na vumbi lote la nyanda za Kano halikuthubutu kuzigusa. Viwiko vya sajini, ambavyo kwa mtu wa umri wake vingekuwa vya kijivu, vilikuwa vyeusi laini kama vya mtoto aliyetoka kuoga. Na kiti chake kila alipoegemea hakikutoa sauti.

Akameza.

"Afande, naomba kuuliza."

"Uliza."

"Kwa kitabu mmeandika kopo limejaa, ama nusu?"

Khaemba alivuta miguu yake chini ya benchi, mmoja baada ya mwingine.

"Maana mimi nililijaza mpaka hapa," Selpha aliendelea, akionyesha kwa ukucha. "Sasa limefika hapa. Na Mzee Amarjit ni mtu wa vipimo. Akija na wakili atataka kupima."

"Mama, unatutisha?"

"Hapana, afande. Mimi ndiye naogopa. Kama ni sumu, naogopea ngozi yenu. Kama si sumu, naogopea bwana yangu amelala hapa kwa nini."

Sajini Wakhisi alitazama viwiko vyake, kwanza cha kulia, halafu cha kushoto, kama mtu anayeonyeshwa wageni. Nje ng'ombe alilia. Akachukua kalamu, akaandika kitu kifupi kitabuni, akakifunga.

"Akipatikana huyo mzee, alete leseni tuione. Khaemba, fungua."

Mlango wa seli ulikuwa mwisho wa ukumbi, wa chuma, na tangu mafuriko komeo lake lilikuwa limeliwa na kutu. Khaemba alilivuta. Akalivuta kwa mikono miwili. Akalipiga teke, na buti lake lililong'aa likarudi na mkwaruzo.

"Kila asubuhi ni hivi," alisema kwa uchungu.

"Mama Celestine?" Sauti ilitoka ndani, ya chini sana, ile ya kwaya. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Umelala?"

"Wamenichukulia kiatu kimoja, ati nisitoroke. Sumu uliandika ya nini, lakini?"

"Nyamaza, Baba Celestine. Waache wafungue."

Khaemba alirudi mezani, akachovya vidole vitatu kwenye kopo bila kumwangalia mtu, akapaka komeo, juu, chini, akalichezesha huku na huku kama anayembembeleza mbuzi mkaidi. Tope jekundu la kutu lilishuka mlangoni. Selpha alipima akilini mwake: mafuta hayakuwa mengi mno, na kwa joto lile yangeshika.

Khaemba akavuta kwa kidole kimoja, na mlango ukafunguka bila hata kulia.