Jino Lililonusurika

Hata leo, mtu akikata ndimu karibu nami, taya hunisisimka, nami hujiona tena mgongoni kwa baba, tukiteremka kutoka kijijini kwetu Kinole, mlimani. Shavu langu lilikuwa limevimba mpaka ndewe ya sikio ikainuka. Baba aliamini ni jino, basi alikuwa ananipeleka mjini kwa Mdachi, yule Mjerumani mwenye koleo la kung’olea meno. Njia nzima nililia, shavu langu la moto likimlalia shingoni.

Tulipofika Bigwa tulipumzika kwa shangazi, tukamkuta akiosha kambare kwa ndimu.

“Jino lipi, kaka? Mwanangu, hebu fungua kinywa.”

Aligonga meno yangu kwa ukucha, hakuna lililouma. Kisha akanidondoshea ndimu ulimini. Niliruka kwa mayowe, nimejishika chini ya sikio.

“Matumbwitumbwi!” akasema huku akicheka. “Hayo huambukiza, hayang’olewi. Mrudishe nyumbani, asicheze na wenzake mpaka uvimbe uishe.”

Nilifurahi nusura nisahau maumivu. Baba akanibeba tena kupanda mlima, akinitania kwamba nimenenepa upande mmoja.

Nilipokwisha kupona, mashavu ya baba yakafura yote mawili. Asubuhi moja akaja askari kukusanya wanaume wa kwenda kuchimba barabara. Alipomwona baba mlangoni, alisita.

“Ana nini huyu?”

“Matumbwitumbwi, bwana askari,” mama alijibu kwa adabu. “Yanaambukiza kidogo tu. Karibu ndani.”

Askari aliteremka mlima karibu kukimbia. Baba, aliyeonywa na mama asicheke, alicheka huku akilia kwa maumivu.