Fuko wa Des Pascoe

Des Pascoe alikuwa fundi wa matangi ya maji, na lau mvua ingekuwa na adabu ya kunyesha Mulgadale, angekufa tajiri. Mvua haikuwa na adabu. Kwa hiyo alikuwa na banda, mke aitwaye Noreen, na swahiba mmoja, Trev Maddigan, mwenye baa. Tangu ndevu zao zikiwa nyeusi walinunuliana bia kwa zamu, na hakuna aliyewahi kuruka zamu yake. Kwetu huo ni undugu unaoushinda wa damu. Ndugu wa damu zamu ikifika huenda msalani.

Kisha maprofesa wakaja kuchokonoa mawe ya chokaa kwenye ranchi, wakatoka na kipande cha taya na mfupa wa mkono. Wakasema ni fuko wa zama za kale, mnyama mchimbaji mwenye mfuko wa kubebea mtoto kama kangaruu, ila mdomo wa mfuko umeelekea nyuma ili asimzike mwanawe kwa udongo. Alikuwa wa kutosha kiganjani, na alitoweka kabla hajazaliwa binadamu wa kulaumiwa.

Wakati huo mji wetu nao ulikuwa unatoweka. Barabara kuu ilihamishiwa Wexley, kwa watu tunaochukiana nao kwa sababu za mpira ambazo hakuna anayezikumbuka. Na nchi hii mji ukikaribia kufa hauiti daktari wala kasisi. Unajenga sanamu kubwa ya kitu chochote, nanasi au kamba wa baharini au kondoo dume, wasafiri wasimame, wapige picha, wale soseji.

"Tujenge fuko," alisema Trev. "Des, faibaglasi ya matangi unaijua wewe. Asimame hapa mlangoni pangu, na mji utapona."

Des akaamini. Alimjenga kiangazi kizima, mkubwa kama lori la ng'ombe, makucha kama majembe. Banda lilinuka hadi Noreen akahamishia kitanda barazani.

"Mimi umenijengea nini tangu tuoane?" aliuliza.

"Tangi."

"Linavuja."

Mwenyekiti wa kamati ya sanamu alitaka fuko awekewe macho. Des alikataa. "Huyu anaishi ardhini, macho ya kutazama nini?"

"Watoto watamwogopa, Des."

"Watamzoea. Wewe si walikuzoea?"

Fuko alipokauka, Trev alikuja na wazo. Maonyesho ya mifugo ya Wexley yalikuwa yamefika, basi tumpeleke fuko siku mbili tu, wale mabwege waone wivu, kisha arudi kwao. Tulishangilia. Tulimpandisha kwenye trela kwa mikono yetu wenyewe, mji mzima, tukachoma soseji kusherehekea. Kamba alizifunga Des, maana Trev hajawahi kujua kufunga fundo. Tukampungia mkono.

Maonyesho yakaisha. Fuko hakurudi, na baa ya Trev ikakutwa na kufuli. Aliyetuletea habari ni dereva wa mikate.

"Kumbe hamjui? Trev ana baa mpya Wexley, barabarani kabisa. Fuko wenu kasimama mlangoni."

"Kainunua lini?" aliuliza Des.

"Sijui, ila tangu Krismasi anaipaka rangi. Alikuwa ananiambia anangoja pambo la mlangoni tu."

Krismasi Des alikuwa bado anajenga miguu ya nyuma. Trev alikuja siku hiyo, akamshikia ngazi, akasema, mfanye imara, swahiba, huyu atasimama hapa mpaka wajukuu.

Noreen alimwambia asiende. Akaenda, nami nikamfuata. Fuko alikuwa pale, amepakwa macho makubwa ya buluu yenye kope. Des alimpita, akaingia, akaagiza bia, akainywa polepole. Kisha akaipindua glasi juu ya kaunta, mdomo chini.

Watu wakaweka bia zao chini. Kwetu ukipindua glasi namna hiyo umetangaza kwamba uko tayari kupigana na yeyote humo ndani. Hata Wexley wanalijua hilo, na wao hawajui mengi.

"Mzee, meno yako umeyaacha nyumbani?" kijana mmoja alisema, na wenzake wakacheka.

Des hakumtazama. "Toka nje, Trev."

"Nina wateja, Des."

"Nimeona."

Trev aliitazama ile glasi. Angetoka akapigwa, au hata akampiga Des, jambo lingekwisha na wangenunuliana bia tena kufikia jioni. Kwetu ndivyo linavyokwisha. Badala yake aliigeuza glasi ikasimama, akaijaza, akaisukuma mbele kwa ulaini.

"Hii yangu," alisema. "Zamu yangu, swahiba."

Des alisimama akiangalia povu likishuka. Halafu akatoka, akaiacha bia imejaa hadi ukingoni, na nyuma yetu nikamsikia yule kijana akiuliza kama bia ile ina mwenyewe.

Sasa amerudi kwenye matangi. La Noreen halivuji tena. Ila ukimwomba akufungie kamba kwenye trela lako, hagusi hata fundo mpaka umwambie unaelekea wapi, na ukishamwambia, anakuuliza tena.