Mama wa Upande wa Kabla

Halimah, muuza samaki wakavu wa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, alikuwa mnene hata bodaboda zikimwona zinajidai zimeishiwa mafuta. Akisimama sokoni mchana, kivuli chake kiliwatosha wauza nyanya watatu na mbuzi mmoja. Wenye malori walimwita Mama Fuso, naye aliitika, maana Fuso ni gari la heshima.

Jambo moja tu hakulifanyia mzaha. Kwa miaka saba paji la uso wake halikuwa limegusa mkeka. Magoti yalikataa. Alikuwa akiswali juu ya kiti cha plastiki, na wenzake wakienda chini kusujudu, yeye alibaki juu peke yake akitazama migongo yao. Akitoka hapo haongei na mtu mpaka jioni. Alichotaka ni kusujudu japo mara moja kabla hajazikwa.

Tumaini lilimjia kwa televisheni. Kila Alhamisi, kwenye hoteli ya chai ya Siraje, kulikuwa na kipindi cha afya cha Kiganda. Daktari alichora tumbo ubaoni akasema kuna njia tatu: kulifunga mpira juu kama mdomo wa gunia, kulikata likabaki jembamba kama ndizi ya gonja, au kukichepushia chakula njia, kama magari yanavyochepushwa daraja likibomoka. Kisha walionyesha mwanamke mnene analia. Muziki ukapigwa. Mwanamke yule yule akatokea mwembamba, gauni jekundu, anacheka.

"Sasa pale katikati," aliuliza Rachelle, rafiki yake wa Butembo, Kongo, aliyeuza vitenge, "banamufichaka wapi?"

"Katikati wanapiga muziki," Halimah alisema.

"Muziki haiponeshake kidonda, mama."

Halimah hakusikia. Mtangazaji alikuwa akisema wanatafuta mtu mmoja wa kupasuliwa bure, na namba ya simu ilikuwa ikipita chini ya kioo. Siraje alimwandikia namba hiyo kwenye karatasi ya sukari. Alipiga wiki tatu mfululizo. Wiki ya nne wakamwambia, tunakuja.

Wageni wanakuja, nawe utakaa bure? Halimah alipika pilau ambayo harufu yake ilivuka daraja la Mpondwe bila kibali. Wanasema afande wa upande wa Kongo aliipigia saluti. Gari likafika na watu watano: binti wa maikrofoni, wapiga picha wawili, mwandishi na dereva. Wakamwekesha dole gumba kwenye karatasi. Wakampiga picha akitembea, akipanda ngazi ya mlango kiubavu, akihema. Kisha sinia likawekwa chini kwa ajili ya wageni, naye akasogezewa kiti kifupi, wakala wote sita.

Sasa, kwa watu wake Halimah, mwenye nyumba hatoi mkono siniani kabla ya mgeni. Ukitoa, umemwambia mgeni, tosheka, ondoka. Halimah alishiba tonge la nne. Lakini dereva yule alikula kama aliyeambiwa dunia inafungwa magharibi, na mmoja wa wapiga picha alikuwa ameshanawa na kurudia kamera yake. Basi Halimah aliendelea kutia tonge mdomoni, dogo dogo, kwa adabu, tumbo likimuuma, mpaka dereva akamshukuru Mungu.

Alhamisi iliyofuata hoteli ya Siraje ilijaa hata madirishani. Ikatokea picha. Sinia lilikuwa kubwa, na juu yake mkono mmoja tu, wa Halimah. Mikono mingine yote ilikuwa imekatwa kwenye picha. Mkono ulishuka, ukapanda, ukashuka tena, na sauti ya binti ikasema huu ndio mlo mmoja wa mgonjwa wa aina hii.

Magidu, dereva wa lori, akaangua kicheko. "Mama Fuso! Kumbe sisi tulikuwa tunauziwa mabaki!"

"Funga kinywa, Magidu," Rachelle alisema. "Ile sahani balikulia watu sita. Mi niliiosha."

Lakini nani anamwamini muosha vyombo mbele ya televisheni?

Picha ilirudi Alhamisi ya pili, na ya tatu, na kila walipozungumzia unene. Halimah alipiga simu.

"Mama, wa kupasuliwa tumeshampata," binti alisema. "Dada mmoja wa Kampala."

"Na mimi?"

"Wewe tulikuhitaji kwa upande wa kabla."

"Na upande wa baadaye?"

"Ule una mtu wake."

"Basi nitoeni humo."

"Mama, uliweka dole gumba."

Tangu hapo, akienda arusini, wanawake walimtengea sahani yake, kubwa, pembeni, kwa huruma. Akaacha kwenda. Akila, alifunga mlango.

Mwaka ukapita hivyo. Siku moja alikuja mwanamke mnene kutoka Karambi, anaitwa Feresita, anatembea kwa fimbo. Alikuwa hawezi tena kushika jembe.

"Mama, nimekuona kwenye televisheni," alisema. "Nipe namba yao."

"Hawakunifanyia kitu, mwanangu."

"Labda mimi watanifanyia."

Halimah alimtazama miguu ilivyovimba. "Wakija, usiwapikie," alisema. "Usile mbele yao hata punje."

Feresita aliudhika. "Mgeni aje kwangu alale na njaa? Nani alikulea wewe? Sema tu unataka upasuliwe peke yako."

Adhana ya alasiri ilikuwa imeanza. Halimah aliiitikia chini chini mpaka ikaisha. Kisha akamtajia namba, tarakimu moja moja, bila karatasi, maana alikuwa ameipiga mara nyingi mno. Feresita aliirudia kwa sauti ili asiisahau, akashuka ngazi kiubavu, bado anairudia.

Halimah akavuta kiti chake cha plastiki kuelekea kibla.